Mwongozo kamili wa XtraView: TV mbili, chaneli tofauti, akaunti moja ya DStv, kuanzia ada mpaka waya wa mwisho

Wakuu, suala la king'amuzi cha pili linawasumbua watu wengi na kila mara wanakwama palepale. Mtu ananunua king'amuzi cha chumbani, fundi anakuja anaweka splita (kifaa cha kugawa waya mmoja kuwa miwili), panashika siku mbili tatu halafu chaneli nusu zinapotea, anaitwa fundi mwingine anabadilisha waya, mwisho wa siku mtu anachoka anaamua kulipia vifurushi viwili kamili kila mwezi. Hela nyingi inapotea hapo na inauma kwa sababu haikuwa lazima.

Kitu cha kushika kabla ya yote ni kwamba XtraView inasimama juu ya vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni mawimbi ya dishi kufika kwenye kila king'amuzi. Cha pili ni ule waya unaounganisha king'amuzi na king'amuzi, mafundi wanauita hatibiti (heartbeat). Cha tatu ni akaunti yenyewe, yaani kampuni itambue kwamba kadi zako mbili ni za nyumba moja na unazilipia ada. Wengi wanafanya kimoja au viwili, kikibaki kimoja hakuna kinachofanya kazi vizuri na kila mtu anamlaumu mwenzake. Sisi tutafanya kimoja kimoja na tutapima kila kimoja kabla ya kwenda mbele.

Kama shida yako ni TV ya chumbani kuonyesha chaneli ileile inayoonekana sebuleni, huhitaji haya yote, shuka mpaka mwisho kuna njia rahisi.

## Vifaa vya kuandaa

- Ving'amuzi viwili vya DStv vinavyokubali XtraView. Kimoja kitakuwa kikuu, kingine cha pili. Kama una Explora (king'amuzi cha DStv kinachorekodi), hiyo iwe kikuu.
- LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, inayoendana na ving'amuzi vyako (hatua ya 3, hapa ndipo watu wanapopoteza hela).
- Waya wa RG6, omu 75. Usikubali RG59 hata ukiambiwa ni uleule, ni mwembamba na unakula mawimbi.
- Konekta za F za kubana kwa mashine. Zile za kuzungusha kwa mkono zinalegea na zinaingiza maji.
- Spana namba 11 na kisu kikali cha kumenya waya.
- Raba au tepu maalum ya kuzuia maji kwa konekta za nje.
- Diplexa mbili, hizi ni hiari, nitaeleza zinapofaa.
- Namba za kadi zote mbili, namba ya akaunti, na simu iliyosajiliwa kwenye akaunti. Ziandike kwenye karatasi maana kupanda na kushuka kugeuza king'amuzi ukiwa kwenye simu na huduma kwa wateja inachosha.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya ada kabla ya kununua chochote

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kifaa unanunua mara moja ila ada unalipa kila mwezi.

XtraView haimaanishi TV ya pili ni bure. Unalipa kifurushi chako kama kawaida, juu yake unaongeza ada ya XtraView ya kila mwezi, na king'amuzi cha pili kinapata kifurushi kilekile cha kikuu. Ukiwa kifurushi cha Compact, chumbani nako ni Compact. Huwezi kuweka Premium sebuleni na Poa chumbani kwa XtraView, hizo zinakuwa akaunti mbili.

Kwa hiyo linganisha njia mbili. Nachukua tarakimu za kufundishia hesabu tu, sio bei halisi, wewe weka za kwako za mwezi huu:

Njia A, XtraView: kifurushi 60,000 + ada 20,000 = 80,000 kwa mwezi.
Njia B, akaunti mbili: kifurushi 60,000 + kifurushi kidogo cha chumbani 12,000 = 72,000 kwa mwezi.

Tofauti hapo ni 8,000, kwa mwaka 96,000. Swali linakuwa: chumbani wanaangalia nini? Kama ni mpira, na sebuleni kuna mtu anataka tamthilia muda huohuo, njia A inalipa kwa sababu chumbani wanapata chaneli zote za michezo ulizonazo. Kama chumbani ni katuni na taarifa ya habari, njia B inatosha, na kwa kweli kama mpo mjini hata antena ya kawaida inaweza kutosha.

Kuna jambo lingine watu hawaliangalii kabisa. Familia nyingi hazilipii kila mwezi, kuna miezi ya ada za shule mnaruka. Kwa XtraView ukiruka, zote mbili zinazima. Kwa akaunti mbili unaweza kulipia ile ndogo tu watoto wakaendelea na katuni. Mimi kwa nyumba ambayo malipo yanarukaruka nashauri njia B hata kama inaonekana ya kizamani.

Maswali matatu ya kuuliza huduma kwa wateja kabla hujalipa:

1. Ada ya XtraView kwa kifurushi changu ni shilingi ngapi mwezi huu?
2. Nikiwa na Explora, ada ya kurekodi na ada ya XtraView ni moja au ni mbili tofauti?
3. Nikitaka kuongeza king'amuzi cha tatu, ada inaongezeka au inabaki ileile?

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba moja tu kwenye karatasi: jumla ya kila mwezi. Kama huna hiyo namba, usiende dukani.

## Hatua ya 2: Chagua king'amuzi ukiangalia mbele

Watu wanakimbilia king'amuzi cha bei ya chini cha mtumba halafu baada ya muda mfupi wanaambiwa kimepitwa na wakati. Mitambo inabadilika. Mambo ya kuangalia ni haya.

Aina ya mgandamizo wa picha. Ving'amuzi vya zamani sana vinasoma picha za mfumo wa zamani tu. Teknolojia ya HEVC iliyopitishwa mwaka 2013 inapeleka picha ya ubora uleule kwa takribani nusu ya nafasi inayotumiwa na mfumo uliotangulia, na nafasi kwenye setilaiti ni ghali, kwa hiyo kila kampuni ina sababu ya kuelekea huko. King'amuzi kisichosoma HEVC hakitaokolewa na fundi siku chaneli zikihamishwa.

Intaneti. Ving'amuzi vipya vinachanganya dishi na intaneti. Explora Ultra iliyotoka Afrika Kusini mwaka 2020 ilikuja na picha za 4K na programu za kustrimu ndani yake. Hicho ndicho kinachoonyesha mwelekeo. Kama unanunua kipya leo, uliza kama kina Wi-Fi ya ndani au kinahitaji kifaa cha pembeni, maana hicho kifaa nacho kinauzwa.

Sasisho. Muulize muuzaji moja kwa moja, modeli hii bado inapokea sasisho za programu? Akiuma maneno, acha.

Mwenye kampuni amebadilika. Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice, kampuni yenye DStv, Septemba 2025. Mwenye mali mpya huwa anapitia upya vifurushi, ada na vifaa, kwa hiyo hata kama ulipiga hesabu ya XtraView mwaka juzi, ipige tena. Na usinunue vifaa vya ziada vya kuweka akiba kabatini ukitegemea mambo yatabaki yalivyo.

Tahadhari kwa wa mtumba: king'amuzi kinaweza kuwa bado kipo kwenye akaunti ya mtu mwingine. Kabla ya kutoa hela piga huduma kwa wateja, wasomee namba ya kadi, waulize kama kinaweza kuhamishiwa kwako. Na kama kimetoka nchi nyingine uliza kama kitakubali kuwashwa hapa kwako. Simu moja tu inakuepusha na hasara.

Umefaulu ukiwa umejua modeli zote mbili kwa jina kamili, maana LNB inategemea hizo modeli.

## Hatua ya 3: LNB sahihi, na kwa nini splita inakudanganya

Hapa ndipo penye ugomvi wote.

King'amuzi kinaongea na LNB kwa njia mbili. Kinapeleka umeme wa volti 13 au volti 18 kuchagua upande mmoja wa mawimbi, wima au mlalo. Na kinaweka au kinaondoa mlio wa kilohezi 22 kuchagua frikwensi za chini au za juu. Kwa hiyo kila wakati LNB ya tundu moja inatoa robo moja tu ya mawimbi yote, ile iliyoombwa.

Sasa ukiweka splita kwenye LNB ya tundu moja, ving'amuzi viwili vinaomba kwa waya mmoja. Vikiomba robo ileile, zote zinaonyesha na fundi anachukua hela yake anaondoka. Siku moja sebuleni wanaweka chaneli iliyopo robo nyingine, chumbani panakata. Ndio maana splita inaonekana inafanya kazi halafu inakusaliti, na ndio maana fundi anakwambia mbona nilipoondoka ilikuwa inashika. Anasema kweli. Lakini haikuwa kazi iliyokamilika.

Unachohitaji:

Ving'amuzi viwili vya kawaida vya HD: LNB ya matundu mawili, kila king'amuzi na tundu lake na waya wake mpaka dishi. Ukiona huko mbele utaongeza cha tatu, chukua ya matundu manne kabisa, tofauti ya bei sio kubwa ukilinganisha na kumlipa mtu apande tena juu ya bati.

Explora na cha kawaida: LNB ya kawaida haitoshi. Explora inatumia mfumo wa Unicable, yaani tyuna zake kadhaa (vipokezi vya ndani vya kushika chaneli) zinapita waya mmoja na kila tyuna imepewa frikwensi yake. Inahitaji Smart LNB au swichi maalum ya DStv. Explora inaingia kwenye tundu lililoandikwa UNICABLE, king'amuzi cha kawaida kinaingia kwenye matundu mengine yaliyobaki. Ukivibadilisha hakuna kinachoungua, ila hakuna kitakachoshika.

Explora mbili: kila moja inahitaji njia yake ya Unicable. Hapa Smart LNB inaweza isitoshe ukahitaji swichi, mtajie muuzaji modeli zote mbili akupe kinachostahili.

Tahadhari ya usalama. Kabla hujagusa waya wa dishi, chomoa king'amuzi ukutani, sio kuzima na rimoti. Kikiwa kimezimwa kwa rimoti bado kinaweza kuwa kinapeleka umeme kwenye waya, na uzi wa katikati ukigusa sitara ya nje (ule wavu wa nywele za chuma) unaweza kuunguza kifaa. Usipande bati lililoloana, na kama waya wa umeme wa nguzo unapita karibu na dishi, hiyo kazi muachie mwenye ujuzi.

Kuhusu uelekeo wa dishi: DStv yetu Afrika Mashariki inatoka setilaiti za nyuzi 36 Mashariki, ambazo zipo karibu utosini mwetu. Dar es Salaam setilaiti ipo takribani nyuzi 81 juu ya upeo, ikiwa upande wa kaskazini kidogo kuelekea magharibi, na Nairobi ndio kabisa iko karibu juu ya kichwa. Maana yake ukuta wa jirani mara nyingi sio shida, shida ni tawi la mwembe lililoinama juu ya dishi. Angalia juu kwanza kabla hujasema LNB mbovu.

Umefaulu ukiwa umebadilisha LNB na king'amuzi cha sebuleni, kilichokuwa kinashika jana, kinashika leo kama jana au zaidi. Kama kimeshuka, geuza LNB kidogo kidogo kwenye kishikio chake huku mtu akisoma kipimo sebuleni. Usiende hatua ya 4 kabla hapa hapajakaa sawa.

## Hatua ya 4: Vuta nyaya

Waya wa chumbani utoke LNB moja kwa moja mpaka chumbani. Usiunge katikati. Kila muungano ni sehemu ya kupoteza mawimbi na kuingiza maji, na masika ikifika ndipo utakapoona.

RG6 inapoteza karibu desibeli 30 kwa mita 100 kwenye frikwensi za juu za dishi, kwa hiyo mita 20 mpaka 30 za nyumba ya kawaida hazina neno. Zaidi ya hapo pima kwanza, usikadirie.

Kumenya konekta: uzi wa katikati utokeze milimita chache mbele ya konekta, nywele za sitara zikunjwe nyuma zote, hata moja isiguse uzi wa katikati. Nywele moja tu inatosha kuleta shoti. Kaza kwa spana mpaka ikamate, halafu acha, usiivunje LNB kwa nguvu.

Kwenye dishi, waya ushuke chini ya konekta ukunje kidogo ndio upande au uende ndani, ili maji yadondoke pale kwenye mkunjo badala ya kufuata waya mpaka ndani ya king'amuzi. Konekta zifunike na raba.

Vuta waya wa hatibiti wakati huohuo, kutoka nyuma ya TV ya sebuleni mpaka chumbani. Ni RG6 hiyohiyo. Kama hakuna njia ya kupitisha waya wa pili, kwa mfano bomba ndani ya ukuta ni dogo, hapo ndipo diplexa zinapoingia: moja mwanzo wa njia, nyingine mwisho, zinachanganya mawimbi ya dishi na hatibiti kwenye waya mmoja kisha zinayatenganisha. Zinafanya kazi, ila ni miungano ya ziada, mimi nikipata njia ya waya wa pili navuta waya.

Bandika karatasi kwenye ncha za nyaya: DISHI SEBULE, DISHI CHUMBA, HATIBITI. Nyaya zote ni nyeusi au nyeupe na zinafanana.

## Hatua ya 5: Pima kila king'amuzi peke yake

Bado usiunge hatibiti. Chomeka waya wa dishi tu kwenye king'amuzi cha chumbani, kiwashe, ingia kwenye menyu uangalie kipimo cha mawimbi. Kipimo kinaonekana hata kama hujalipia, kwa hiyo usiseme utapima ukishalipa.

Kuna vipimo viwili, nguvu na ubora. Cha kuangalia zaidi ni ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora uko chini au unachezacheza, dishi limetazama vibaya kidogo au konekta ina shida.

Sasa angalia ujumbe wa skrini, huu utakusaidia maisha yako yote na DStv:

- E48-32 maana yake hakuna mawimbi. Shida ni dishi, LNB, waya au mpangilio wa mtandao ndani ya king'amuzi. Kulipia hakutasaidia chochote.
- E16 maana yake mawimbi yapo ila kadi haijaruhusiwa. Shida ni akaunti au malipo. Kubadilisha waya hakutasaidia chochote.

Kwa hatua hii, chumbani ukiona E16 umefaulu. Watu wanaona E16 wanavunjika moyo wanamrudisha fundi juu ya bati, wakati hiyo E16 ndiyo inayokwambia kazi ya dishi imeisha.

Ukiona E48-32, chukua king'amuzi cha chumbani kipeleke sebuleni, kichomeke kwenye waya wa sebuleni unaojulikana ni mzima (kama sebuleni ni Explora, tumia tundu la kawaida la LNB, sio la Unicable). Kikishika, waya wa chumbani ndio mbovu. Kisiposhika, king'amuzi au mpangilio wake. Dakika tano tu na umeshajua.

## Hatua ya 6: Unga hatibiti

Zima na chomoa vyote viwili. Waya wa hatibiti unatoka tundu la RF OUT la king'amuzi kikuu na kuingia RF IN ya king'amuzi cha pili. Angalia maandishi nyuma ya modeli yako kwa tochi, mpangilio wa matundu unatofautiana modeli na modeli.

Kazi ya huu waya: kikuu kinatuma ishara muda wote kumwambia cha pili kwamba tupo nyumba moja. Kampuni iliuweka ili mtu asichukue king'amuzi cha pili akampe ndugu yake mtaa mwingine kwa ada ndogo. Ishara ikikatika, cha pili kinatoa ujumbe wa HEARTBEAT kupotea na kinaacha kuonyesha.

Kosa kubwa: mtu anaunga RF OUT ya cha pili kwenda kwenye kikuu. Uelekeo ni mmoja tu, kutoka kikuu kwenda cha pili.

Na hili ndilo linalowasumbua zaidi nyumba zetu. Usiku watu wa sebuleni wanazima soketi ukutani ili kuokoa umeme wa LUKU. Kikuu kikizimwa ukutani hatibiti inakufa na chumbani panakata. Zima kwa rimoti, soketi iache imewashwa. Waambie watu wote wa nyumbani, mpaka dada wa kazi, na ikibidi andika karatasi bandika pale kwenye soketi.

## Hatua ya 7: Unganisha akaunti

Piga huduma kwa wateja au nenda kwa wakala mwenye uwezo wa kufanya hii kazi. Waambie maneno haya: nataka XtraView, kadi kuu ni hii, kadi ya pili ni hii. Wasomee polepole na waambie wakurudie, kwa sababu zikipinduliwa, cha pili kikasajiliwa kuwa kikuu, waya wako wa hatibiti utakuwa umekaa kinyume na utahangaika bila kujua kwa nini.

Uliza jumla mpya ya malipo kisha lipa hiyo jumla yote, kifurushi pamoja na ada. Ukilipa bei ya kifurushi tu kwa mazoea, utakuwa umelipa pungufu na unaweza kukuta chumbani pamebaki giza.

Wakati wanatuma ruhusa, ving'amuzi vyote viwili viwe vimewashwa, vipo kwenye chaneli, na vina mawimbi. Ruhusa inakuja kupitia dishi, kikiwa kimezimwa hakiipokei. E16 isipoondoka yenyewe, ifute kupitia programu ya MyDStv kwenye simu, kwa kila kadi.

Umefaulu ukiona sebuleni chaneli moja, chumbani nyingine, zote wazi.

## Hatua ya 8: Majaribio ya kufanya fundi akiwa bado yupo

Usimlipe mtu hela ya mwisho mpaka umefanya haya:

- Weka mpira sebuleni, chumbani pitia chaneli nyingi za aina tofauti, za HD na za kawaida, moja baada ya nyingine. Kisha geuza, chumbani pabaki palepale na sebuleni ndio ubadilishe. Kama kuna splita imefichwa mahali, hapa itajitokeza.
- Zima kikuu kwa rimoti. Chumbani paendelee.
- Kama ni Explora, rekodi chaneli moja huku unaangalia nyingine na chumbani wako kwenye ya tatu.
- Soma ubora wa mawimbi pande zote mbili uandike kwenye ile karatasi. Miezi ijayo chumbani pakianza kusumbua utalinganisha.

Mvua kubwa ikikata picha pande zote kwa dakika chache kisha ikarudi, hiyo ni tabia ya mawimbi haya. Mvua ikikata upande mmoja tu, au ikiisha na picha isirudi, maji yameingia kwenye konekta.

## Ikikataa, anza hapa

Chumbani HEARTBEAT imepotea, sebuleni safi. Kikuu kimezimwa ukutani, au waya wa hatibiti umelegea, au umeungwa kinyume, au kadi zimesajiliwa kinyume. Fuata kwa mpangilio huohuo.

Chumbani E16, sebuleni safi. Ada haijalipwa au kadi ya pili haijaunganishwa. Usiguse waya.

Zote E16. Malipo.

Zote E48-32. Dishi au LNB. Angalia kama upepo umesogeza dishi.

Chumbani baadhi ya chaneli tu hazishiki. Splita, au LNB tundu moja bovu. Badilishana nyaya pale kwenye LNB, shida ikihamia sebuleni ujue ni tundu. (Hii sio kwa wenye Unicable.)

## Kama unataka chaneli ileile tu TV zote

Hapa huhitaji ada yoyote. Chukua splita ya HDMI, ingiza waya kutoka king'amuzi, toa mbili, moja TV ya sebuleni, nyingine chumbani. HDMI ndefu haina uhakika, kwa hiyo umbali ukizidi mita kumi hivi tumia kifaa cha kupeleka HDMI kupitia waya wa mtandao wa Cat6. Nunua splita inayokubali HDCP, ule ulinzi wa kuzuia picha isinakiliwe, la sivyo TV moja itakuwa nyeusi na utadhani imeungua.

Tatizo la njia hii ni rimoti, lazima mtu aende sebuleni kubadilisha chaneli, isipokuwa ununue kifaa cha kurudisha miale ya rimoti.

Wengine wanauliza kwa nini wasitumie programu ya DStv ya kuangalia kwa intaneti kwenye TV ya chumbani. Inawezekana, ila Machi 2022 MultiChoice ilipunguza kustrimu mpaka kifaa kimoja kwa wakati mmoja kwa akaunti, kwa hiyo mtoto akifungua kwenye simu yake chumbani panasimama. Uliza kikomo kilivyo leo kwa kifurushi chako, na pima bando: mechi moja ya HD inakula gigabaiti kadhaa, kwa asiye na Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi gharama inaweza kupita ile ada ya XtraView aliyokuwa anaikimbia.